Nguzo zisizobeba kitu: historia ya daraja la reli la Blackfriars



Katika saa ya Kiingereza mwalimu alipitisha picha moja toka dawati hata dawati. Ilionyesha mto mpana wenye maji ya rangi ya chai na maziwa, na ndani ya maji nguzo nene nyekundu, mbilimbili, zikipangana tangu ngambo moja mpaka ngambo ingine. Juu ya nguzo hakuna kitu. Hakuna njia, hakuna chuma, hakuna hata ubao. Ni vichwa vya nguzo tu, vilivyopambwa kama nguzo za kanisa kubwa la zamani, vinatazama mbingu. Mwalimu akauliza: "Hapa kulitokea nini?"

Sisi wa sita tulijibu haraka kama watu wenye kujua. Nusu ya kalasi ilisema: ni vita, bomu lilipiga daraja. Nusu ingine ikasema: hapana, ni sosiete iliyokula feza na kuacha kazi katikati. Mutu wa inchi yetu ni vigumu akose kufikiri hivyo. Mwalimu alicheka, akasema: "Ninyi wote mumekosa, lakini wa pili wamekosa kidogo." Halafu kengele ikalia, akatuacha hivyo hivyo.

Basi tulitafuta katika buku, tukamrudilia mwalimu mara mbili, na hii ndiyo habari tuliyopata. Tunaiandika kwanza kwa ajili ya wale wanaosoma fizika mwaka huu. Lakini wa Latin-Philo wasikimbie, sababu kuna neno la Kilatini linawangojea mbele kidogo.

Mto ule ni Thames, na mji ni London. Pahali panaitwa Blackfriars, maana yake ndugu weusi, sababu zamani watawa wa Dominiko waliovaa joho jeusi walikuwa na nyumba yao pale, mpaka mfalme Henry wa 8 alipofunga nyumba za watawa katika miaka ya 1530. Watawa walikwenda, jina likabaki.

Katika miaka ya 1860, wakati wa malkia Victoria, reli Uingereza hazikuwa za serikali. Zilikuwa za kampuni nyingi, na kila kampuni ilitaka kunyanganya wasafiri wa mwenzake. Upande wa kusini wa London kulikuwa na kampuni mbili zilizochukiana kabisa. Moja iliitwa South Eastern, ingine London, Chatham and Dover. Zote mbili zilitoka jimbo la Kent, kule kuliko bandari ya Dover, ambapo mutu anapanda meli kwenda Ufaransa. Na zote mbili zilikuwa na shida moja: biashara na benki ziko ngambo ya kaskazini, katika sehemu ya zamani ya mji inayoitwa City. Msafiri hakutaka kushuka ngambo ya kusini na kutembea na mizigo yake juu ya daraja la watu. Kampuni itakayovuka mto ndiyo itakayokula.

South Eastern ilijenga daraja la Charing Cross (1864) na lile la Cannon Street (1866). Chatham, kampuni yetu sasa, ilipata ruhusa ya Bunge mwaka wa 1860 kuingia City, na ikachagua kuvukia Blackfriars. Ingenieri wake alikuwa Joseph Cubitt, na baba yake William Cubitt alikuwa ingenieri mkubwa mbele yake. Treni ya kwanza ilivuka tarehe 21 Desemba 1864. Daraja lilikuwa na njia ine za reli kando kando. Kwa mwaka ule lilikuwa kazi kubwa. Mwaka wa 1866 njia ile ilipitishwa chini ya udongo, katika handaki la Snow Hill, ikaungana na reli za kaskazini. Hivi treni iliweza kutoka kusini ya inchi na kupita katikati ya London mpaka kaskazini bila kuzunguka mji.

Sasa tuseme juu ya mapambo, sababu ndiyo yaliyoleta ugomvi katika kalasi yetu.

Nguzo za daraja zilikuwa za chuma, lakini hazikuachwa wazi kama mabomba. Kila moja ilipewa kichwa chenye mapambo, kwa mtindo wa makanisa ya miaka zaidi ya 800 iliyopita. Ngamboni, daraja linapogusa inchi kavu, walisimamisha minara mifupi, na juu yake wakatia alama ya kampuni, kubwa sana, ya chuma chenye rangi. Alama ile ingali pale kwenye ngambo ya kusini hata leo, imepakwa rangi upya, na jina lote la kampuni mutu analisoma bila shida. Ndani yake kuna farasi mweupe wa Kent, pamoja na neno la jimbo lile: INVICTA.

Wa Latin-Philo, ni zamu yenu. In-, na victa toka vincere. "Haijashindwa." Mushike neno hilo, tutalirudilia.

Mwenzetu mumoja (hatutamtaja, anajijua) alisema mara moja: "Tazama upumbavu! Treni inahitaji mapambo ya nini? Ndiyo sababu daraja lilikufa. Feza ilikwenda kwenye mapambo badala ya nguvu." Kalasi karibu yote ilikubali. Tunakiri kwamba hata sisi tunaoandika tulikubali siku ile. Lakini tulipoendelea kusoma tuliona haiko hivyo.

Kwanza, mapambo yalikuwa na kazi yake. Watu wa City hawakupenda reli ipite machoni mwao. Chatham ilipojenga daraja lingine fupi juu ya barabara ya Ludgate Hill, likakata macho ya mutu anayetazama kanisa kuu la St Paul's, watu walilalamika sana, na kampuni ikalipamba ili wapoe. Hawakupoa sana. Daraja lile la Ludgate lilibomolewa mwaka wa 1990, na hatukusoma mahali popote kwamba kuna mutu aliyelia. Zaidi ya hayo, mapambo ya kampuni yalikuwa kama suti ya mutu anayekwenda kuomba mkopo. Kampuni ilipaswa kuonekana tajiri ili watu wanunue hisa zake.

Na hapo ndipo wale wa kikundi cha pili, wa "sosiete iliyokula feza", walikaribia ukweli.

Kampuni haikuwa na feza. Ilikuwa na karatasi. Badala ya kulipa wajenzi wake kwa feza ya mkononi, mara nyingi iliwalipa kwa hisa na hati za deni za kampuni yenyewe. Wajenzi walipeleka karatasi zile kwenye nyumba za feza za City, wakakopa juu yake, wakalipa wafanyakazi na kununua chuma. Muone hatari: reli inajengwa kwa deni, deni linashikwa na karatasi, na karatasi ina bei wakati watu wanaamini tu kwamba reli italeta faida. Siku watu wakiacha kuamini, kila kitu kinaanguka pamoja.

Siku ile ilifika tarehe 10 Mei 1866. Nyumba kubwa ya feza ya London, Overend, Gurney, ilifunga milango. Kesho yake, Ijumaa, watu walijaa katika barabara za benki wakitaka feza yao, na wengi hawakuipata. Kampuni ya Chatham ilishindwa kulipa madeni yake mwaka ule ule, miaka miwili tu nyuma ya daraja kufunguliwa, ikawekwa chini ya wasimamizi. Farasi wa Invicta alikuwa angali mpya, rangi haijachuja.

Mjenzi mkubwa wa kampuni alikuwa Sir Samuel Morton Peto. Habari yake inatugusa sisi, wanafunzi wa shule ya Kiprotestanti, kuliko tulivyofikiri. Alikuwa Mbatista na mshiriki wa Bunge, na mwaka wa 1855 alipewa cheo cha heshima sababu alijenga reli ya jeshi kule Crimea bila kutaka faida. Na kwa miaka mingi alikuwa mtunza hazina wa misioni ya Wabatista ya Uingereza. Ndiyo, misioni ile ile ambayo watu wake walifika mto wetu wa Kongo tangu 1878, na ambayo mashua yake ya mvuke, Peace, ilichukua George Grenfell mwaka wa 1884 mpaka maporomoko, kule kuliko Kisangani leo. Peace yenyewe ilitengenezwa Chiswick, kando ya Thames, mto ule ule wa nguzo zetu. Lakini siku zile Peto hakuwa tena na hazina. Nyumba yake ya ujenzi ilisimamisha malipo mwaka wa 1866, akafilisika, na mwaka wa 1868 akatoka katika Bunge. Mutu aliyehesabu feza ya misioni alishindwa na hesabu za reli. Hatusemi hivi kwa kumcheka. Tulipoisoma, kalasi ilinyamaza kidogo.

Na daraja je? Daraja halikujali. Lilikuwa limekwisha kujengwa, treni zikaendelea kupita. Ndiyo sababu mwalimu alisema wa pili wamekosa kidogo: feza ilikwisha kweli, lakini ilikwisha nyuma ya kazi, si katikati.

Basi nini kililiua? Hapa wa fizika wafungue macho.

Uchukue kipande cha chaki. Kisimamishe juu ya meza, weka buku juu yake polepole, weka la pili. Chaki inabeba. Sasa ushike kipande kile kile kwa mikono miwili na ukikunje kidogo tu. Kinavunjika mara moja, bila kukupa habari. Chuma cha kumwaga, kile kinachoyeyushwa na kumwagwa ndani ya umbo, kina tabia ya chaki. Ukikikandamiza toka juu kina nguvu sana. Ukikivuta ao kukikunja, ni mwoga. Chuma cha kufua, kile kinachopigwa na kupitishwa kati ya mitambo, kinavumilia kuvutwa. Pua, chuma cha madaraja ya leo, inavumilia zaidi, lakini katika miaka ya 1860 ilikuwa bado ghali.

Waingereza walijifunza tofauti hiyo kwa machozi. Mwaka wa 1847, kule Chester, daraja la mto Dee lililofanywa na Robert Stephenson lilikuwa na mihimili ya chuma cha kumwaga. Mhimili ulivunjika treni ikiwa juu yake, watu 5 wakafa. Tarehe 28 Desemba 1879, katika dhoruba, sehemu ya katikati ya daraja refu la mto Tay kule Scotland ilianguka pamoja na treni, na hakupona hata mutu mumoja. Nguzo zile zilikuwa za chuma cha kumwaga, nyembamba na ndefu, zimefungwa vibaya, na upepo ulizisukuma toka ubavuni. Ni kama kukunja chaki.

Cubitt alijua somo la Dee. Kule Blackfriars alitumia kila chuma pahali pake. Nguzo zilikuwa za chuma cha kumwaga, nene na fupi, kwa kuwa nguzo inakandamizwa toka juu. Mihimili iliyolala juu ya nguzo ilikuwa ya chuma cha kufua, imepangwa kwa kupishana kama wavu ao kitako cha kitunga, kwa kuwa mhimili upande wake wa chini unavutwa. Muliotazama kitunga cha mama sokoni mumekwisha kuona daraja la Cubitt. Na mapambo hayakuondoa nguvu ya kitu chochote. Kichwa cha nguzo kikichorwa ao kisichorwe, mzigo unashuka ndani ya nguzo vilevile.

Daraja halikuanguka, hata siku moja. Kilichotokea ni kwamba treni ziliongezeka uzito, mwaka kwa mwaka, na mihimili ya 1864 ilihesabiwa kwa treni za 1864. Tena ilikuwa na mwenzake. Mwaka wa 1886 kampuni, ingali na madeni yake, ilijenga daraja la pili kando ya lile la kwanza, upande wa mashariki. Maingenieri walikuwa John Wolfe Barry, ambaye halafu alijenga Tower Bridge ya 1894, na Henry Marc Brunel. Stesheni mpya ngamboni iliitwa St Paul's, na tangu 1937 inaitwa Blackfriars. Kwenye ukuta wake walichonga majina ya miji 54 ambayo mutu aliweza kuifikia akianza safari pale, na hawakutenga ya karibu na ya mbali. Bromley, ambayo ni kama kwenda jirani, inasimama katika ukuta mumoja na St Petersburg ya Urusi. Mawe yale yamehifadhiwa ndani ya stesheni hata leo. Tunapenda kampuni hii, pamoja na makosa yake yote. Ilifilisika na bado ilikuuzia safari ya Urusi.

Basi kazi ilihamia kidogo kidogo kwenye daraja la pili. Kampuni zile adui mbili ziliunganisha kazi zao mwaka wa 1899, zikaingia katika reli moja ya kusini mwaka wa 1923, na mwaka wa 1948 reli zote zikawa za serikali. Daraja la Cubitt liliachwa. Halikuweza kubeba treni za kisasa, na mwaka wa 1985 mihimili yake iliondolewa. Tangu 1864 mpaka 1985 ni miaka 121.

Walitoa mihimili, wakaacha nguzo. Ndiyo ile picha.

Kuna jambo moja ambalo picha haionyeshi vizuri, nasi tulikuwa karibu kulipita. Upande wa magharibi wa nguzo kuna daraja la barabara, nalo ni la Cubitt yuleyule. Lile la zamani, la Robert Mylne, lililofunguliwa mwaka wa 1769, lilikuwa limechoka, na jipya lilifunguliwa na malkia Victoria mwenyewe tarehe 6 Novemba 1869. Nguzo za barabara na nguzo za reli ziliwekwa katika mstari mumoja. Kwa nini? Mutu aliyekwisha kupiga kasia anajibu bila buku. Maji yakipita nguzo moja yanageuka na kuzunguka. Ukitoka salama katika nafasi ya kwanza, halafu nafasi ya pili haiko mbele yako bali kando, mtumbwi wako utapiga nguzo. Mashua za mizigo za Thames zilikuwa nzito kuliko mtumbwi, na maji ya mto ule yanapanda na kushuka kila siku kwa kufuata bahari. Kwa hiyo nguzo zifuatane, mlango nyuma ya mlango.

Mwisho wa habari ni mambo ya juzi tu. Katika kazi za kupanua stesheni ya Blackfriars, zilizomalizika kati ya 2011 na 2014, daraja la 1886 halikutosha upana. Stesheni ilipaswa kukaa juu ya mto wote, toka ngambo hata ngambo, na ni ya kwanza London kufanya hivyo juu ya Thames. Maingenieri walitafuta pa kuegemeza upana ule mpya, wakaona nguzo za Cubitt zimesimama pale pale tangu 1864. Safu iliyo karibu zaidi na daraja la pili ilitengenezwa na kuingizwa ndani ya kazi mpya. Sasa inabeba treni tena, na juu ya treni kuna dari lenye vibao 4,400 vya kupokea nguvu za jua na kutoa umeme kwa stesheni. Safu zingine zimebaki kama tulivyoziona katika picha, nyekundu, na vichwa vyao vya kanisa. Hazibebi kitu isipokuwa ndege wa maji wanaotua kukausha mabawa.

Tuliporudi kwa mwenzetu wa "upumbavu wa mapambo" na habari hii yote, aliisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sawa, mapambo hayakuliua. Lakini hayakuliokoa pia." Tumemwachia neno hilo, ni haki yake. Ila tunaongeza kwamba siku hizi mapambo yale yanahifadhiwa kwa sheria, na mihimili, iliyofanya kazi yote, haiko tena.

Maulizo kwa wale wa tatu na wa ine. Majibu yaletwe kwa karani wa gazeti letu mbele ya Ijumaa, kwa karatasi safi, si kwa mgongo wa entero.

Katika daraja la Tay na katika daraja la Blackfriars nguzo zote zilikuwa za chuma cha kumwaga. Eleza kwa mchoro kwa nini moja ilianguka na ingine ingali imesimama.

Tazama daraja moja unalovuka wewe mwenyewe, hata la miti. Onyesha sehemu gani inakandamizwa na sehemu gani inavutwa, na useme imefanywa kwa kitu gani.